Leva ya kukaza shokapu katika magari ya kifahari ya miaka ya 1930: nani alikuwa sahihi?

Swali: Msomaji wa Arusha anaendesha Toyota Prado ya miaka ya 1990 yenye swichi ya kulainisha na kukaza shokapu. Fundi wake amemwambia swichi hiyo ni pambo tu na kwamba jambo hilo halijawahi kumsaidia mtu. Lakini msomaji huyu amesoma kwamba Rolls-Royce, Packard na Cadillac za miaka ya 1930 zilikuwa na leva ya kazi hiyohiyo, kisha leva ikatoweka. Anauliza: wahandisi wa wakati ule walibishania nini hasa, nani alikuwa na haki, na kama leva ilikuwa na faida, kwa nini iliachwa?

Jibu:

Ndugu yangu, fundi wako amekosea, ingawa naelewa kilichomfikisha hapo. Prado nyingi za namna yako zinafika mikononi mwa mafundi mfumo huo ukiwa umeshakufa, na kitu kilichokufa ni rahisi kukiita pambo. Kwenye magari ya miaka ya 1930, leva ile ilikuwa kifaa cha kazi, na watu waliokiunda walikuwa miongoni mwa wahandisi hodari wa zama zao. Wote walikubaliana kwamba shokapu yenye ugumu mmoja haiwezi kufaa kwa kila hali. Walichobishania ni nani aibadilishe, na kwa haraka ya kiasi gani. Mzigo wa gari hubadilika safari kwa safari. Mwendo hubadilika dakika kwa dakika. Shimo huja na kupita kabla hujapepesa jicho. Kila kampuni ilichagua kushughulika na mojawapo ya mambo hayo matatu, na ukilishika hilo utaielewa historia yote ya jambo hili, pamoja na swichi yako.

Kumbuka kwanza kazi ya shokapu. Springi hubeba uzito wa gari na kulipokea tuta, lakini ikishabonyea inarudisha nguvu yote iliyopewa. Pasipo kitu cha kuila nguvu hiyo, gari litaendelea kudunda kwa mita nyingi baada ya tuta kupita. Shokapu huila na kuigeuza joto. Ugumu ni kwamba gari lina mitikisiko miwili isiyofanana. Bodi, injini na abiria hupanda na kushuka polepole, kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Gurudumu na ekseli, vilivyokaa kati ya springi na tairi, hutikisika upesi, karibu mara 10 kwa sekunde. Ukitaka bodi itulie, kaza shokapu. Ila ukiikaza, pigo la kila jiwe linapanda hadi kwenye kiti.

Tuliweke katika hesabu. Chukua barabara kuu yenye mawimbi marefu, mita 20 kutoka kilele hadi kilele. Bodi ambayo asili yake ni kutikisika mara 1.3 kwa sekunde itasukumwa kwa mapigo yanayolingana kabisa na asili yake gari likifika mita 26 kwa sekunde, yaani kama kilomita 94 kwa saa. Hapo gari laini huanza kuelea, na kila wimbi linaongeza mtikisiko ulioachwa na wimbi lililotangulia. Sasa ondoka kwenye lami uingie barabara ya changarawe yenye makunyanzi yaliyoachana sentimita 70. Kwa kilomita 25 tu kwa saa, magurudumu yanapigwa mara 10 kila sekunde, na abiria anaomba shokapu ilegee. Gari ni lilelile, safari ni ileile, na kwa dakika tano linadai vitu viwili vinavyopingana. Huo ndio mzizi wa ubishi wote.

Shokapu za kwanza zilizoenea zilikuwa za msuguano. Mfaransa aitwaye Truffault alibuni mikono miwili iliyoungana kwenye kiungo chenye sahani zilizobanwa pamoja, na Mmarekani Edward Hartford akaichukua na kuiuza kwa jina la Truffault-Hartford mwanzoni mwa karne ya 20. Mkono mmoja ulifungwa kwenye chasisi, mwingine kwenye ekseli. Gurudumu likipanda, sahani zinasuguana. Kaza nati ya katikati, gari linakuwa gumu, ilegeze, linalainika. Kwa hiyo shokapu inayorekebishika ni ya zamani kuliko leva: ilikuwepo kwenye nati tangu mwanzo, ila ulihitaji kusimama, kushika spana na kulala chini ya gari.

Kasoro ya msuguano iko kwenye tabia yake ya asili. Vitu viwili vilivyobanana hukataa kuanza kuteleza, lakini vikishaanza, ukinzani hupungua. Gari linahitaji kinyume chake. Kwenye vijiwe vidogo shokapu hiyo inagoma, springi haifanyi kazi, na gari linabaki kutegemea tairi peke yake. Kwenye shimo kubwa, ambapo ukinzani ndio unaotakiwa hasa, haina cha kuongeza. Tena bodi inaweza kusimama nje ya kimo chake halisi kwa sababu sahani zimeishika kabla springi haijaimalizia kazi. Ndiyo maana mtu aliyekaza Hartford kwa ajili ya mbio aliteseka mjini, na aliyeilegeza kwa ajili ya mji aliona gari likielea barabara kuu. Hakuna kiwango cha kukaza ambacho kingeiponya kasoro hiyo.

Oili ina tabia nzuri zaidi. Ukisukuma oili kupitia tundu dogo, ukinzani hukua kadiri unavyoongeza kasi ya kusukuma. Mfaransa Maurice Houdaille alikuwa ameshaanza kutengeneza shokapu za oili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi Ford ilipotoa Model A mwishoni mwa 1927, shokapu za Houdaille zilifungwa hata kwenye gari hilo la bei nafuu, tena zikiwa na vali ya sindano uliyoweza kuigeuza ili kukaza au kulegeza. Lakini oili nayo ina mitego yake. Tundu tupu hutoa ukinzani unaoongezeka mara nne kila kasi ya pistoni inapoongezeka mara mbili: kwenye mtikisiko wa polepole ni kama hakuna shokapu, na kwenye pigo kali shokapu inageuka chuma kitupu. Dawa yake ni vali yenye springi inayofunguka shinikizo likizidi kiasi. Mtego wa pili ni joto. Oili ya miaka ile iliganda asubuhi za baridi za Detroit na kuwa nyepesi baada ya saa kadhaa za kukimbia kiangazi, na shokapu iliyokuwa sawa asubuhi ilikuwa dhaifu jioni. Kwa Wamarekani hiyo peke yake ilitosha kuwa sababu ya kumpa dereva namna ya kurekebisha.

Basi mwaka 1932 leva ikafika ndani ya gari. Packard iliita yake Ride Control, Cadillac ikaita yake Full Range Ride Regulator, na zote mbili zilimwezesha dereva kubadilisha ugumu wa shokapu za oili akiwa amekaa kwenye kiti. Ulikuwa mwaka mbaya wa biashara. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewapunguza sana wanunuzi wa magari ghali, na kila kampuni ilitafuta kitu cha kumwonyesha mteja dukani. Sikatai kwamba idara za mauzo zililipenda jambo hili. Hata hivyo hoja ya kihandisi ilikuwa ya kweli: chasisi ileile ya Cadillac ilibeba gari la wazi la watu wawili na pia limozini ya watu saba.

Hapa lazima nipime hoja ya mzigo kwa haki, kwa sababu ndiyo iliyotajwa zaidi na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Nguvu ya shokapu kutuliza bodi, ukilinganisha na uzito inaoutuliza, hupungua kwa kipeuo cha pili cha uzito huo. Ekseli ya nyuma iliyobeba kilo 1,000 ikipanda hadi kilo 1,400 baada ya abiria na masanduku kuingia, utulivu wake unashuka kwa asilimia 15 hivi. Dereva makini ataliona hilo, lakini mhandisi hajengi mtandao wa fimbo na viungo chini ya gari zima kwa ajili ya asilimia 15. Na mtandao huo ulikuwa na gharama. Fimbo zilipita kwenye tope na chumvi ya barabara, viungo vililegea, na baada ya muda shokapu ya kushoto ilipokea amri tofauti na ya kulia. Gari lenye shokapu nne zisizopatana ni baya kuliko gari lenye nne laini zinazolingana.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo michoro haikulionyesha. Mwenye gari alikaa nyuma. Leva ilikuwa kwa dereva aliyeajiriwa. Mwili wa dereva uko karibu na katikati ya gari, ambako mtikisiko ni mdogo, na mwajiri wake amekaa karibu na ekseli ya nyuma anakorushwa. Ukimpa mmoja leva na mwingine maumivu, marekebisho yatachelewa kila mara.

Uingereza, kampuni ya T. B. André, iliyokuwa ikitengeneza shokapu za Hartford huko, ilifuata njia yake. Haikuuacha msuguano. Iliweka mifuko ya mpira iliyojazwa majimaji kwenye viungo vya shokapu, na dereva alizungusha kifundo kwenye dashibodi ili kuongeza shinikizo, huku geji ikimwonyesha kiasi alichoweka. Mfumo huo, Telecontrol, uliwekwa kwenye magari ya Alvis, Lagonda na mengineyo ya watu waliopenda kuendesha wenyewe. Naupenda kwa jambo moja kubwa: shinikizo la majimaji hulingana pande zote, kwa hiyo kulia na kushoto havikupishana kama vilivyopishana kwenye fimbo. Pia mwenye gari ndiye aliyeshika usukani, na alihisi mara moja alichobadilisha. Lakini ulikuwa mwili mpya wenye ugonjwa wa zamani. Sahani ziligoma kwenye vijiwe kama zilivyogoma miaka 25 kabla, na kifundo kilimpa dereva uhuru wa kuchagua zigome kwa kiasi gani.

Sasa tuje Derby, mji wa Uingereza kilipokuwa kiwanda cha Rolls-Royce, ambako ninaona fikra zilikwenda mbali zaidi. Rolls-Royce ilikuwa na sababu yake ya pekee. Iliuza chasisi tupu, na bodi ilijengwa na mafundi wengine, Hooper, Barker, Park Ward na wenzao, kwa matakwa ya mteja. Kiwanda hakikujua gari litakuwa na uzito gani siku ya mwisho. Kwenye chasisi ya namna moja mteja huyu alijengewa saluni nyepesi, na yule akajengewa limozini yenye kioo cha kumtenga dereva, sakafu nene na sanduku kubwa nyuma. Shokapu iliyopimwa kwa moja haikuweza kufaa nyingine. Kwa Rolls-Royce, basi, ile hoja ya mzigo niliyoiita dhaifu ilikuwa na uzito kuliko kwa kampuni yoyote ya Detroit.

Lakini wahandisi wake hawakuishia kwenye mzigo. Katikati ya miaka ya 1930 waliweka pampu ndogo ya oili iliyoendeshwa na giaboksi. Gari likienda kasi, shinikizo la pampu linapanda, na shinikizo hilo linazikandamiza springi za vali ndani ya shokapu, hivyo shokapu inakuwa ngumu yenyewe. Gari likipunguza mwendo, shokapu inalegea yenyewe. Juu ya hayo, leva ndogo katikati ya usukani ilimwezesha dereva kuongeza ugumu juu ya ule uliowekwa na mwendo. Bentley zilizojengwa Derby zilipata mpango huohuo, na Phantom III ya 1936, gari la silinda 12 lenye uzito wa zaidi ya tani 2, ikaurithi.

Rudi kwenye hesabu ya mawimbi ya mita 20 uone uzuri wa mpango huo. Kitu kinachoamua kama bodi itaanza kuelea ni mwendo. Gari likienda polepole mawimbi marefu hayalisumbui, bali vijiwe ndivyo vinavyolisumbua, na shokapu inatakiwa iwe laini. Likienda kasi, mawimbi marefu yanaamka, na shokapu inatakiwa ikaze. Pampu inayofuata mwendo inajibu swali hilo bila kumsubiri mtu. Tena angalia walichochagua kubadilisha: hawakuziba tundu la oili, waliongeza uzito kwenye springi ya vali. Ukiziba tundu unaharibu zaidi mtikisiko wa polepole na kuacha pigo kali lipite au ligonge kulingana na vali. Ukikandamiza springi ya vali unapandisha kiwango ambacho vali itaanza kufunguka, na umbo zima la ukinzani linabaki la kistaarabu. Wengi walioandika kuhusu leva ile wanaiona ile ya usukani tu. Kazi kubwa ilifanywa na pampu iliyojificha.

Inaposhindwa, inashindwa kwa jambo moja: gari likienda kasi kwenye barabara mbovu. Pampu haijui kwamba mbele kuna shimo. Inajua gurudumu linazunguka upesi, basi. Hapo shokapu imekazwa na pigo linafika kamili.

Aliyelikabili shimo lenyewe alikuwa Mfaransa Georges de Ram. Shokapu yake ilichanganya msuguano na oili: sahani nyingi ndani ya kifuko cha chuma, na mwendo wa mkono wenyewe ulizalisha shinikizo la oili lililozibana sahani hizo. Mkono ukisogea polepole, sahani hazibanwi sana. Ukisogea kwa nguvu, zinabanwa kwa nguvu. Kwa maneno mengine, De Ram alichukua ile kasoro kubwa ya Hartford, ya kugoma mwanzoni na kulegea baadaye, akaigeuza juu chini. Hapakuwa na leva ya kuchezea kwa sababu kila pigo lilijiwekea ugumu wake. Bugatti ilizifunga kwenye gari la mbio la Type 59 na kwenye Type 57S, na bado wanaomiliki magari hayo wanazisifu. Kwa nini basi hazikuenea? Zilikuwa nzito, ghali mno, na zenye vipande vingi vilivyotakiwa kukaa kwa vipimo vya usahihi mkubwa. Fundi wa kawaida hakuweza kuzifungua na kuzirudisha zikiwa kama zilivyotoka. Kifaa ambacho mtu mmoja au wawili tu ndio wanaoweza kukitengeneza hakiwezi kubeba magari ya dunia.

Huku hao wakibishana leva, pampu na sahani, Maurice Olley alikuwa akiuliza swali tofauti. Olley alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi Rolls-Royce, pamoja na kiwanda chake cha Springfield, Massachusetts, kabla ya kuhamia Cadillac mwaka 1930. Mwaka 1932 alitengeneza gari la majaribio kutokana na limozini ya Cadillac ya watu saba, lenye vyuma vizito vilivyoweza kusogezwa mbele na nyuma, na springi zilizoweza kubadilishwa ugumu. Hakuwa na kipimo cha raha isipokuwa watu waliokaa ndani na kusema wanavyojisikia. Walichogundua kilikuwa rahisi na kikubwa. Gari hupigwa na tuta kwanza mbele, kisha nyuma baada ya muda mfupi. Springi za mbele zikiwa ngumu kuliko za nyuma, kama ilivyokuwa desturi, ncha mbili za gari zinapishana: mbele inashuka wakati nyuma inapanda, na abiria anayumbishwa kichwa kama anayeitikia. Springi za mbele zikiwa laini kuliko za nyuma, nyuma hutikisika haraka kidogo, inaifikia mbele, na gari zima linapanda na kushuka likiwa sawa.

Kwa nini basi kila mtu aliweka springi ngumu mbele? Kwa sababu ya ekseli. Magurudumu ya mbele yaliunganishwa na chuma kimoja, na baada ya tairi pana za upepo mdogo na breki za mbele kuenea katika miaka ya 1920, springi laini mbele zilileta mtikisiko wa magurudumu uliomnyang'anya dereva usukani. Wakakaza springi ili kuuzuia, gari likayumba mbele na nyuma, wakakaza shokapu ili kuzuia kuyumba, gari likawa gumu mjini, ndipo wakaweka leva ya kulegeza shokapu. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwanzo wake unaikuta ekseli. Cadillac na Buick za 1934 zilikuja na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja na springi yake ya koili, na mikono ya shokapu ilifanya kazi ya mkono wa juu wa kulishikilia gurudumu. Springi za mbele zikalainika bila hatari, na sehemu kubwa ya ugonjwa ambao leva ilikuwa ikiutibu ikaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alishinda, nitasema Olley alishinda ubishi wa miaka ya 1930. Lakini sikubaliani na wanaosema ushindi wake uliifanya leva kuwa kosa. Ushahidi ni Phantom III yenyewe: mfumo wake wa mbele wa magurudumu yanayojitegemea ulitokana na kazi ya General Motors, na bado Rolls-Royce ilibakiza pampu na leva. Walikuwa wameshaponya springi, na wakaona kwamba mwendo na mzigo bado vinadai chao.

Kilichoiua leva baadaye kilikuwa jambo la umbo. Shokapu za zamani zilikuwa za mkono: kifuko cha oili kimefungwa imara kwenye chasisi na mkono pekee ndio unaocheza. Ni rahisi kupeleka fimbo au bomba kwenye kitu kisichosogea. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea shokapu ya bomba refu, hii unayoijua, ambayo ina safari ndefu ya pistoni, hufanya kazi kwa shinikizo dogo na hupoa vizuri. Ilikuwa bora karibu kwa kila kipimo, na rahisi kutengeneza. Lakini inacheza yote, na vali zake zimejificha ndani kwenye pistoni. Fimbo ya leva haikuwa na pa kushika. Kampuni ya Koni ya Uholanzi ilijulikana kwa shokapu za bomba ambazo unazirekebisha, lakini kwa nyingi za zamani inakubidi uitoe kwenye gari, uibonyeze hadi mwisho na kuizungusha. Tulirudi kwenye spana.

Waliobaki na shokapu za mkono ndio waliobaki na swichi. Bentley na Rolls-Royce za baada ya 1946 ziliendelea na leva ya usukani kwa miaka kadhaa. Silver Cloud ya 1955 ikabakiza swichi ya umeme kwa shokapu za nyuma peke yake, na hilo lina mantiki, kwani sasa kiwanda kilijenga bodi nyingi chenyewe na kilijua uzito wake. Kilichobaki kisichojulikana ni watu na mizigo ya nyuma. Aston Martin DB5 ya miaka ya 1960 nayo ilikuwa na shokapu za Armstrong Selectaride nyuma, zilizochaguliwa kwa kifundo cha dashibodi.

Umeme ndio uliolitatua lile tatizo la umbo. Mwaka 1983 Toyota ilitoa mfumo wa TEMS kwenye Soarer, na huo ndio mzazi wa ule ulio kwenye Prado yako. Juu ya kila shokapu kuna mota ndogo. Mota inazungusha kijiti chembamba kilichopita ndani ya fimbo ya pistoni, na kijiti hicho kinafungua au kufunga matundu ya oili kule chini. Waya inafika mahali ambapo fimbo ya 1932 isingefika. Na kompyuta yake haisomi swichi pekee. Inasoma pia mwendo, breki na usukani, na inakaza shokapu kwa muda pale gari linapotaka kuinama. Hapo utaiona pampu ya Rolls-Royce na leva ya Packard katika kisanduku kimoja.

Shimo lenyewe lilisubiri zaidi. Mwaka 1974 Dean Karnopp na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba ukiweza kubadilisha ukinzani wa shokapu ndani ya kila mtikisiko, ukitazama bodi inapanda au inashuka kwa kasi gani, unaweza kuituliza bila kupitisha pigo la gurudumu. Mkono wa dereva hauwezi kufanya hivyo; unahitaji mabadiliko mengi kwa sekunde. Mwaka 2002 Cadillac Seville ilipata shokapu zenye oili iliyochanganywa na chembe za chuma, ambayo inakuwa nzito ikipitishiwa sumaku, na kubadilika kwake huhesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Ni lengo lilelile la De Ram, la kulijibu kila pigo kivyake, safari hii bila sahani.

Sasa tuzungumzie Prado yako. Tumia swichi kwa yale yanayobadilika polepole. Ukiwa na abiria saba na mizigo kwenda Dodoma kwa lami, weka upande mgumu. Ukiingia changarawe kwa mwendo wa pole, weka laini, na usihangaike kuigeuza kwa kila shimo, kwa sababu haikuundwa kwa hilo. Kabla hujakubali kwamba imekufa, fungua kifuniko juu ya shokapu, toa mota bila kuchomoa waya, washa swichi ya funguo, kisha mwombe mtu ageuze swichi ya shokapu toka laini hadi ngumu huku wewe ukitazama kama kichwa cha mota kinazunguka. Fanya hivyo kwa zote nne. Isipozunguka, tatizo ni mota, waya au kompyuta, na hilo fundi wa umeme analiweza. Ikizunguka zote nne na gari bado halibadiliki, shokapu zenyewe zimekwisha ndani, ama kuna mtu alishafunga za kawaida akaziacha mota zikining'inia bila kazi. Hapo una njia mbili: tafuta za TEMS zilizo nzima, nne za aina moja, au funga za kawaida zote nne kwa ugumu unaofaa mzigo unaoubeba mara nyingi. Usichanganye mbili za TEMS na mbili za kawaida.